Kuchora Zilipozama: Vyombo Vilivyolala Bahari ya Tanga

Mwezi Aprili 1498, usiku ukikaribia kucha, merikebu ya Wareno iitwayo São Rafael ilipanda fungu nje ya pwani hii yetu, kusini ya ulipo mji wa Tanga leo. Ilikuwa moja ya merikebu za Vasco da Gama. Maji yakapwa, ikapwelewa, mabaharia wakatia nanga na kungoja. Watu wa pwani waliwaendea kwa vyombo vidogo, na mwandishi wa kumbukumbu za safari ile akaandika kwamba waliletewa machungwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Anayeyajua machungwa ya Muheza hatashangaa. Milima iliyoonekana nyuma ya pwani wakaipa jina la merikebu yao; ndiyo Usambara. Maji yalipojaa São Rafael ikaelea, wakashika njia ya Mombasa.

Januari 1499 walirudi kutoka India wakiwa hoi. Kiseyeye kilikuwa kimewaua wengi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Walipofika kwenye mafungu yale yale wakahamisha shehena, kisha wakaitia moto São Rafael. Walikaa hapo siku kadhaa wakitoa mashati na bangili na kupokea kuku kutoka mji ambao kumbukumbu zinauita Tamugata. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliyokuwa ndani ya merikebu ilinusurika, na leo imehifadhiwa Lisbon, katika makumbusho ya mambo ya bahari. Merikebu yenyewe, au kilichobaki, iko huku kwetu.

Iko wapi hasa?

Nimekuwa nikichora ramani ya vyombo vilivyozama kati ya Moa na Pangani. Natumia QGIS, programu ya bure ambayo mtu mwenye laptopu ya kawaida anaweza kuipakua na kuanza kazi siku hiyo hiyo, hata kama intaneti yake ni ya kuungaunga. Ninachokitetea hapa ni hiki: hakuna chombo kinachostahili kuwekewa nukta kwenye ramani bila kuandikwa pembeni yake tumejuaje kwamba kiko pale, na tunaweza kuwa tumekosea kwa mita ngapi. Ramani nyingi za meli zilizozama hazifanyi hivyo. Zina nukta nyekundu, kila moja imekaa kwa uhakika ule ule, iwe imepimwa na mzamiaji aliyeshika chuma chenyewe au imekisiwa na mtu aliyesoma sentensi moja katika kitabu.

Tuichukue hiyo hiyo São Rafael. Kumbukumbu zinasema fungu lilikuwa ligi mbili kutoka bara. Ligi ya manahodha wa Kireno ilikuwa karibu kilomita sita, kwa hiyo tunazungumzia kilomita kumi na mbili hivi, zilizokadiriwa kwa macho na watu wageni katika bahari wasiyoijua. Kwenye QGIS nachora mstari wa pwani, naiambia programu inipe ukanda ulio kilomita kumi hadi kumi na nne kutoka bara, halafu naweka juu yake safu ya vina vya maji. Mji wa Tamugata wataalamu wengi huuona kuwa ni Mtangata, na huuweka jirani na Tongoni, palipo na msikiti wa kale na yale makaburi ya minara. Basi nakata ukanda huo kaskazini na kusini ya Tongoni, nabakiza mafungu na miamba tu. Kinachobaki ni vipande kadhaa vya bahari ambavyo mashua ya injini ingehitaji siku nyingi kuvizunguka. Hilo ndilo jibu la kweli kwa sasa. Ni eneo, na kwenye ramani yangu limepakwa rangi hafifu bila nukta yoyote ndani yake.

Hata ukifika mahali penyewe, utatafuta nini? Mbao zilizoungua zikazama katika maji ya joto haziishi miaka mia tano zikiwa wazi. Kila mwenye ngalawa Sahare au Kigombe anawajua wale wadudu wanaotoboa mbao. Ndiyo maana chombo hupandishwa pwani na kupitishiwa moto wa makuti chini ya tumbo. Labda mbao zilizofukiwa mchangani upesi zimesalia. Vinginevyo utatafuta farumi: rundo la mawe yasiyo ya pwani hii, yaliyopakiwa ili kukipa chombo uzito, yakiwa yamekaa pamoja juu ya mwamba wa matumbawe ambako mawe ya namna hiyo hayana sababu ya kuwepo. Setilaiti haioni farumi. Mzamiaji anaziona, na mvuvi anayezamia pweza kila siku anaziona kabla yake.

Kabla sijafika kwa wavuvi, niseme kidogo kuhusu tarakimu, kwa kuwa hapo ndipo meli nyingi hupotea mara ya pili.

Tanga iko kwenye latitudo ya digrii 5 na dakika 4 kusini. Mtu akipewa namba hizo kwa mdomo, huingiza 5.04 kwenye kompyuta. Lakini digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 4 ni 0.0667 ya digrii, na mahali penyewe ni 5.0667. Tofauti kati ya 5.04 na 5.0667 ni karibu kilomita tatu. Meli uliyoambiwa iko mdomoni mwa bandari imehamia kilomita tatu kaskazini, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonya. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852, yaani maili moja ya baharini. Sekunde moja ni mita 31 hivi. Ukizishika hizo mbili kichwani utajua upesi namba inapokudanganya.

Kuna mtego mwingine uliojificha zaidi. Ramani za karatasi za nchi yetu, zile za kipimo cha 1:50,000, zilijengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960. Simu na jipiesi hutumia WGS84. Ni namna mbili za kukadiria umbo la dunia, na hapa kwetu hazikubaliani kwa takriban mita 300. Mita 300 nchi kavu ni mwendo wa dakika chache na utakiona unachokitafuta. Majini, kwenye kina cha pima kumi na tano na maji yaliyochafuka, mita 300 ni sawa na kutofika kabisa. QGIS inabadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine yenyewe, mradi tu uiambie namba zako zilizaliwa wapi. Wengi hawaiambii, kwa sababu aliyewapa namba hakuwaambia wao.

Ramani za zamani za bahari ni hazina, lakini nazo zinataka subira. Pwani hii ilipimwa na Kapteni William Owen wa Uingereza miaka ya 1820, na baada yake Wajerumani na Waingereza wakapima tena na tena. Ukiwa na picha nzuri ya ramani kama hiyo, unaipachika juu ya dunia ya leo kwa kuchagua pointi zinazoonekana kwenye zote mbili. Mimi huchagua vitu visivyohama: ncha za mwamba mgumu, kona za majengo ya kale, mnara wa taa wa Ulenge kama ramani ni ya baada ya kujengwa kwake. Ukingo wa mikoko siuchagui hata siku moja, wala ncha ya mchanga, maana mikoko husonga na mchanga huhama kila kusi. Programu ikimaliza hukupa wastani wa kosa kwa mita. Namba hiyo naiandika. Kosa likiwa mita 180, basi kila kilichosomwa kutoka ramani ile kina duara la mita 180 kwa uchache, hata kama mchoraji wake alikuwa hodari kiasi gani.

Wachoraji wa ramani za bahari wenyewe walilijua hilo zamani. Penye alama ya meli iliyozama huandika herufi PA mahali pakiwa pa kukadiria, na PD pakiwa pa mashaka. Herufi mbili ndogo, na zimebeba uaminifu mkubwa. Tulipohamia kwenye ramani za kompyuta tulizihamisha alama tukaziacha herufi.

Meli ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii ni Rubens. Iko ghuba ya Manza, wilaya ya Mkinga, kaskazini ya mji. Ilikuwa meli ya mizigo ya Waingereza iliyokamatwa na Wajerumani mwanzoni mwa vita vya kwanza. Waliipaka sura ya meli ya Denmark, wakaiita Kronborg, wakaijaza makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji, pamoja na bunduki zaidi ya elfu moja na mamilioni ya risasi kwa ajili ya jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck. Jeshi hilo lilikuwa limewashinda Waingereza hapa Tanga Novemba 1914. Nahodha wa Rubens, Carl Christiansen, aliipitisha kaskazini ya Scotland, akashuka Atlantiki yote, akaizunguka Afrika. Tarehe 14 Aprili 1915, pwani ya Tanga ikiwa imekwisha kuonekana, manowari ya Kiingereza HMS Hyacinth ikaigundua. Injini moja ya Hyacinth iliharibika katikati ya mbio, na Rubens ikawahi kuingia Manza. Christiansen akaizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi, moto ukiwaka juu. Waingereza waliipiga mizinga, wakaona moshi, wakaamini imekwisha. Walipoondoka, Wajerumani walishusha wazamiaji na kuopoa sehemu kubwa ya silaha. Risasi zilizolowa zilifunguliwa na kukaushwa. Vita vikaendelea, na wapagazi wa Kiafrika wakaendelea kufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya pande zote mbili.

Kwa mchoraji wa ramani, Rubens ni kinyume cha São Rafael. Kuna kumbukumbu za Waingereza waliofyatua mizinga kutoka nje, kumbukumbu za Wajerumani waliokuwa ndani, na watu wa vijiji vinavyoizunguka ghuba ambao babu zao waliuona moshi ule. Unaweza kuzilaza shuhuda hizo juu ya ramani moja. Lakini kila moja ina tabia yake. Aliyeko kwenye manowari ana dira na vifaa vya kupimia, ila yuko mbali, na dira yake inaelekea kaskazini ya sumaku, ambayo si kaskazini ya ramani. Tofauti hiyo hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kipimo cha 1915 hurekebishwa kwa tofauti ya 1915, si ya leo. Mwanakijiji hana dira, ila hajawahi kuondoka.

Na hata vipimo vya hodari vina duara lake. Mwaka ule ule wa 1915, huko bahari ya Weddell, pwani ya bara la Antaktika, meli Endurance ya mvumbuzi Shackleton ilibanwa na barafu ikazama, na nahodha wake Frank Worsley akaandika mahali ilipo kwa kupima jua. Ilipatikana Machi 2022, kina cha mita 3,008, maili nne za baharini hivi kutoka alipoandika. Dunia nzima ilimsifu Worsley kwa usahihi, na alistahili. Maili nne, hata hivyo, ni zaidi ya kilomita saba. Mtu akiniletea "mahali kamili" pa chombo kilichozama enzi hizo, namuuliza kwanza nani alipima, kwa chombo gani, na alikuwa na hali gani wakati anapima.

Vipi kuhusu setilaiti? Picha za Sentinel-2 ni za bure, na kila pikseli ni mita kumi. Meli ya urefu wa mita mia inakuwa pikseli kumi, kama maji ni mafupi na safi. Ndani ya ghuba zetu zenye mikoko na matope hiyo ni "kama" kubwa. Picha za masika huzitupa moja kwa moja. Natafuta za kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Ramani ya dunia ya vina iitwayo GEBCO nayo ni ya bure, lakini kila mraba wake una upana wa karibu mita 450, kwa hiyo meli yoyote ya Tanga inamezwa ndani ya mraba mmoja na nafasi kubaki. Kifaa cha kweli ni sona ya kukokotwa nyuma ya boti, ile inayochora sakafu ya bahari kwa sauti. Gharama yake iko nje ya uwezo wa watu kama mimi, na sitajidanganya kwamba laptopu inaziba pengo hilo.

Pengo jingine laptopu inaweza kusaidia kuliziba, na ndilo linaloniuma zaidi. Ukifungua orodha yoyote ya kimataifa ya meli zilizozama, ukasogeza macho hadi pwani yetu, utakuta manowari na meli za mvuke: Pegasus iliyozamishwa na Königsberg bandarini Zanzibar Septemba 1914, Königsberg yenyewe iliyomalizwa Rufiji Julai 1915, Glasgow ya Sultani iliyozamishwa katika vita ya Agosti 1896. Majahazi hayamo. Mashua hazimo. Vyombo vilivyobeba boriti, chumvi, nazi, vigae na watu kati ya Lamu, Pemba, Tanga na Bagamoyo kwa karne nyingi, vikapigwa na kusi vikazama, havikuandikiwa ripoti kwa wizara yoyote. Ramani ya namna hiyo inaonyesha nani alikuwa na karani.

Lakini vyombo hivyo vinajulikana. Nilikwenda kijiji kimoja cha Mkinga na ramani niliyoichapisha kwenye karatasi kubwa. Mzee mmoja alikuwa chini ya mkungu, wavu wa jarife umelala miguuni, anaushona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa hii bahari yako mbona umeilaza ubavu? Bahari ile pale."

Akaichukua ramani akaizungusha mpaka mashariki ikawa mbele ya magoti yake, pwani ya karatasi ikalingana na pwani tuliyokuwa tumeikalia. Akaokota vipande vya kifuu. Kimoja akakiweka palipo msikiti, cha pili mbele yake kidogo. "Hapa palikuwa na minazi mitatu. Ukienda nje, mnara ukitoka tu nyuma ya mnazi wa mwisho, ushike mstari huo, usiuache." Kifuu cha tatu akakiweka kwenye kisiwa, cha nne kwenye rasi. "Ukigeuka huku, kisiwa kikishikana na rasi, simama. Upo juu yake. Ukizubaa, jarife litakula mbao."

Chini pale kuna jahazi lililozama na boriti zake tangu yeye hajabaleghe. Chewa wanakaa humo. Alama hizo alipewa na baba yake.

Aliyoyafanya kwa vifuu vinne ni hesabu ile ile inayofundishwa vyuo vya mabaharia. Vitu viwili vya nchi kavu vinavyolingana hukupa mstari. Vitu vingine viwili hukupa mstari wa pili. Chombo kiko mistari inapokatana. Niliporudi nyumbani nilichora mistari hiyo kwenye QGIS kutoka kwenye pointi zake, nikairefusha hadi baharini. Ilikatana karibu kwa pembe mraba, na hiyo ni nzuri sana, kwa sababu mistari inayokatana kwa pembe nyembamba hukuza kosa dogo likawa kubwa. Jicho likikosea digrii moja kwa umbali wa kilomita tano, mstari unasogea mita 87 hivi. Nikakadiria duara la mita 150. Nafasi ya jahazi la babu yule ina uhakika kuliko meli nyingi zilizomo kwenye orodha za kimataifa, na katika safu ya "chanzo" imeandikwa: alama za mvuvi, amerithi kwa baba.

Alinipa na sharti. "Usiwape wa vyuma." Alikuwa na maana ya wanunuzi wa chuma chakavu, ambao huchukua nanga, misumari na chochote kinachopimwa kwa kilo. Na hao si hatari pekee. Pwani hii imeteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na mabaki ya chombo yenye samaki wengi ni mahali ambapo mtu wa baruti angependa kuelekezwa. Tena pale ni riziki ya babu. Kutangaza nafasi yake ni kumnyang'anya shamba.

Kwa hiyo nina mafaili mawili. Faili kamili nakaa nalo, na aliyenipa taarifa ana haki ya kuniambia nifute. Ramani ya kuonyesha watu ina namba zilizokatwa hadi desimali mbili, yaani karibu kilomita moja. Hiyo inamtosha mwanafunzi anayetaka kujua njia za biashara zilipita wapi, na haimfai mwizi. Wanaoamini kwamba kila data lazima iwe wazi kwa wote tunatofautiana hapa, na sioni nitakavyokubaliana nao.

Vyombo vilivyozama na abiria viko katika safu yake peke yake. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, na kwenye pwani hii nzima bado kuna nyumba zinazoihesabu tarehe ile. Ajali za namna hiyo, kubwa na ndogo, naziandika kwa jina na tarehe. Nafasi siiweki kwenye ramani ya kuonyesha watu. Mjomba wa babu yule alikuwa kwenye jahazi la boriti, na hakurudi. Sikuwa nimemuuliza, alilisema mwenyewe akiwa anakata uzi kwa meno.

Jambo la haraka kuliko yote sasa ni alama zenyewe. Ile minazi mitatu haipo tena, imekatwa. Babu bado anaijua palipokuwa, wanawe wanajua msikiti tu. Minara inavunjwa ikajengwa mikubwa, rasi zinajengwa nyumba, na Chongoleani, bomba la mafuta la kutoka Hoima linapoishia, pana matangi yatakayoonekana kutoka mbali baharini kuliko mnazi wowote. Wavuvi vijana wa Deep Sea, soko la samaki la Tanga, watayatumia, na watakuwa sahihi kuyatumia, lakini alama za zamani zikisahaulika, vyombo walivyoelekezwa nazo vimepotea hata kama havijasogea inchi moja. Basi nimeongeza safu mpya kwenye faili, ya vitu vya nchi kavu vilivyokuwepo: minazi, mibuyu, kuta nyeupe, nyumba za Wahindi zilizobomoka, kila kimoja na jina linalotumiwa na wavuvi wa pale. Naanzia Moa nikishuka kusini. Kwa sasa niko Kwale, na orodha ya wazee wa kuwatembelea kabla ya kusi inapita Ulenge na Yambe hadi Kigombe.